Makumbusho ya Aukų 2A, Vilnius: usianzie gerezani

Wageni wengi wanaofika Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, hulijua jengo hili kwa jina la "makumbusho ya KGB", yaani polisi wa siri wa Kisovieti, na ndiyo maana wakishakata tiketi hushuka ngazi moja kwa moja kwenda kwenye seli. Jina rasmi ni Makumbusho ya Kukaliwa kwa Nchi na Mapambano ya Uhuru, na gereza ni sehemu yake moja tu. Anayeanzia chini humaliza pumzi yote huko. Akipanda juu miguu imechoka na kichwa kimejaa, vyumba vya vita vya msituni, ambavyo Walithuania walipigana na Wasovieti kuanzia 1944, anavipita kama mtu anayewahi basi. Anatoka akijua vizuri namna watu walivyouawa, ila ukimuuliza hao waliouawa walikuwa kina nani, hana jibu.

Dawa ni kuchagua mtu mmoja na kumfuata jengo zima. Anayefaa kuliko wote ni Adolfas Ramanauskas, mwalimu wa chuo cha ualimu cha Alytus ambaye msituni aliitwa Vanagas, yaani mwewe. Vita vyake vinaelezwa katika vyumba vya juu. Yaliyompata mke wake yanaeleweka katika vyumba vya uhamisho. Siku zake za mwisho ndizo za chini. Ukimfuata kwa mpangilio huo, saa tatu zinakutosha na kila chumba kinakuwa na maana.

Kwanza mlango. Jengo limekaa kwenye barabara kuu ya Gedimino, mkabala na uwanja wa Lukiškės, lakini mlango wa makumbusho hauko huko. Uko ubavuni, mtaa wa Aukų, namba 2A. Aukų maana yake ni "wa wahanga". Upande wa barabara kuu kuna ofisi nyingine: sehemu ya jengo bado ni mahakama, na sehemu ni hifadhi ya nyaraka ambamo mafaili ya KGB yametunzwa. Kabla hujaingia, tembea polepole kando ya ukuta wa nje. Kwenye mawe ya chini yamechongwa majina ya waliouawa humo ndani, pamoja na miaka. Wengi ni wa 1944 hadi 1946, miaka ambayo risasi zilifanya kazi kuliko wakati mwingine wowote.

Hufunguliwa Jumatano hadi Jumamosi saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na Jumapili mpaka saa kumi na moja jioni. Jumatatu na Jumanne hufungwa. Wengi hukosea hapo, kwa sababu wamezoea makumbusho yanayofungwa Jumatatu peke yake. Siku za sikukuu pia usitegemee. Kiingilio ni euro chache, na wanafunzi hupunguziwa. Maandishi ya ukutani ni ya Kilithuania na Kiingereza. Kuna vifaa vya kusikilizia maelezo kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Chukua kifaa kwa ajili ya gereza, maana kule seli zinahitaji kuelezwa. Juu, macho yako na subira vinatosha. Wakati wa baridi usivue koti kabla ya kushuka, kule chini kuna ubaridi wa ukuta wa mawe.

Historia ya jengo lenyewe inasema mengi. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 liwe mahakama ya dola ya tsar, mfalme wa Urusi. Poland ilipoishika Vilnius kati ya vita viwili vikuu likabaki mahakama. Mwaka 1940 Wasovieti wakaingiza polisi wao wa siri, 1941 ikaingia Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, 1944 Wasovieti wakarudi na kukaa mpaka Agosti 1991. Makumbusho yalianzishwa 1992, wakati rangi ya mwisho ya gereza ilikuwa bado ukutani. Ndiyo sababu gereza hili halina harufu ya kitu kilichojengwa upya ili kuonyeshwa watu.

Sasa vyumba vya wapiganaji. Udhaifu mkubwa hapa ni vifupisho. Maandishi yanaruka kutoka NKVD kwenda MGB kwenda KGB, majina ya polisi haohao wa siri kwa nyakati tofauti, kana kwamba msomaji amekulia humo. Shika hivi: NKVD na NKGB ni za mpaka 1946, MGB ni ya miaka ya vita vyenyewe hadi 1953, KGB ni kuanzia 1954. Ukikutana na neno stribai, hao ni vijana wa hukohuko waliopewa bunduki na Wasovieti kuwawinda wapiganaji. Jina limetokana na neno la Kirusi lenye maana ya waangamizaji. LLKS ni Harakati ya Mapambano ya Uhuru wa Lithuania, uongozi wa pamoja ulioundwa 1949.

Tafuta ramani inayoigawa nchi katika wilaya tisa za kivita. Kusini, penye misitu ya misonobari ya Dzūkija, ndiko kwenye wilaya ya Dainava. Huko ndiko kwa Ramanauskas. Alizaliwa Machi 1918 New Britain, Connecticut, Marekani, na wazazi wake wakarudi naye Lithuania 1921, wakakaa sehemu za Lazdijai. Alisomea ualimu katika taasisi ya Klaipėda, ambayo ililazimika kuhamia Panevėžys 1939 Ujerumani ilipouchukua mji wa Klaipėda. Kisha akapitia chuo cha kijeshi cha Kaunas na kutoka 1940 akiwa luteni usu wa akiba. Akafundisha Krivonys karibu na Druskininkai, halafu Alytus: Kilithuania, hesabu na mazoezi ya viungo. Aprili 1945 akaiacha chaki.

Kwa nini mwalimu? Makumbusho hayalijibu swali hili kwa uwazi, lakini majibu yapo kwenye makabati, ukijua cha kutafuta. Tazama karatasi. Kuna viapo vilivyopigwa chapa, amri zenye namba na tarehe, mihuri, magazeti madogo ya msituni. Kundi la vijana wenye bunduki lisilo na mtu wa kuandika hubaki kundi. Likipata mtu wa kuandika, linakuwa kikosi chenye orodha, zamu, adhabu na mrithi wa kila kamanda anayekufa. Mwalimu kijana wa wakati ule alikuwa na vitu vitatu kwa mpigo: mwandiko, mafunzo ya uofisa wa akiba, na imani ya wazazi kijijini. Ramanauskas alipanda kutoka kamanda wa kikosi kidogo hadi kamanda wa brigedi ya Merkys, wilaya ya Dainava mwaka 1947, kisha kanda yote ya kusini. Njiani aliendelea kuhariri magazeti, likiwemo moja la Kirusi kwa ajili ya askari wa Kisovieti wenyewe. Hiyo ni akili ya darasani kabisa: hata anayekulenga shabaha unadhani anaweza kufundishika.

Ukuta wa picha upe muda mrefu kuliko unavyodhani. Mgeni huzipita haraka kwa sababu zinafanana: vijana wamesimama mbele ya miti, wamevaa sare. Lakini sare ndiyo hoja yenyewe. Ni sare ya jeshi la Lithuania la kabla ya vita, na beji zimeshonwa kwa mkono. Walijiona ni jeshi la dola iliyokaliwa, na jeshi lina sare, cheo na kiapo. Wakaambiana: tukivaa kiraia tutaitwa majambazi. Wakaitwa majambazi vilevile. Picha hizo zikaja kuwageuka. Albamu iliyokamatwa kwenye handaki moja, maficho yao ya chini ya ardhi, iliwapa MGB nyuso za wilaya nzima. Kila uso uliotambulika ulikuwa na mama, baba na shamba, na familia ya mpiganaji ilipakiwa kwenye treni kwenda Siberia. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini wengi, wakishazingirwa, waliweka bomu la mkono karibu na uso kabla ya kulilipua. Walikuwa wanaficha jamaa zao. Wakuu wa usalama nao wakajibu kwa kutupa maiti kwenye uwanja wa mji na kuangalia nani atalia.

Handaki limeelezwa juujuu, na ni hasara, maana ndiyo ufundi uliowaweka hai. Lilichimbwa usiku, na tatizo la kwanza halikuwa kuchimba, lilikuwa udongo. Udongo mbichi wenye rangi tofauti na ule wa juu unaonekana kutoka mbali, kwa hiyo ulibebwa kwa magunia mpaka mtoni au ukatawanywa kwenye shamba lililolimwa. Kuta zilishikiliwa kwa magogo. Mlango ulifichwa chini ya jiko, kwenye banda la mbwa, ndani ya ukuta wa kisima au chini ya mti mdogo uliopandwa kwenye sanduku ili uinuliwe na kurudishwa. Hewa iliingia kwa bomba lililotokea kwenye kisiki au kichakani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika: bomba likiwa jembamba mshumaa hufifia wenyewe, na watu huanza kuumwa kichwa. Likiwa pana, mvuke wa pumzi huyeyusha theluji juu yake na kuacha doa jeusi ambalo mbwa hahitajiki kuliona. Unyevu uliozesha viatu na kutia kutu risasi. Theluji ilikuwa adui kuliko askari, maana nyayo haziongopi, na mara nyingi kikosi kililala handakini wiki kadhaa bila kutoka, kwa chakula walichoingia nacho. Mahandaki mengi, hata hivyo, hayakugunduliwa kwa doa wala nyayo. Yaligunduliwa kwa mtu aliyesema.

Usiondoke bila kulitafuta Tamko la 16 Februari 1949. Makamanda wanane walikutana katika handaki la kijiji cha Minaičiai, wilaya ya Radviliškis, chini ya ghala la shamba moja, wakatia saini tamko kwamba uongozi wao ndio mamlaka halali ya nchi inayopigania uhuru. Jonas Žemaitis ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Ramanauskas alikuwa mmoja wa wanane, na yeye, Leonardas Grigonis na Juozas Šibaila wote walikuwa walimu kabla ya vita. Mwaka huohuo akapewa amri juu ya majeshi yote ya harakati. Hakuna hata mmoja wa wanane aliyenusurika, na yeye ndiye alikuwa wa mwisho kuuawa. Mwaka 1999 bunge la Lithuania lililitambua tamko hilo kama hati ya kisheria ya dola, na 2018 likamtambua Ramanauskas kuwa alikuwa kiongozi wa nchi baada ya Žemaitis kuuawa.

Vyumba vya uhamisho wa nguvu na kambi ni virefu, na mpangilio wake unachosha: mizigo, barua, misalaba iliyotengenezwa kwa vifaa vya kambini, picha za vibanda vya theluji. Kimoja hufanana na kingine. Ushauri ni kuvisoma kama sehemu ya vita, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa. Mei 1948, kwa siku mbili tu, watu wapatao 40,000 walikusanywa na kupelekwa Siberia. Hao ndio waliokuwa wakiacha mkate na maziwa ukingoni mwa msitu. Mashamba yalipoingizwa kwenye ushirika, hata aliyebaki hakuwa na nguruwe wake mwenyewe wa kumchinjia mpiganaji. Wapiganaji wapatao 50,000 walipitia safu za silaha katika miaka hiyo, zaidi ya 20,000 wakauawa, na kufikia 1952 na 1953 vita vya vikosi vilikuwa vimekwisha.

Miaka iliyofuata ya Ramanauskas haina kitu cha kuwekwa kabatini. Aliishi kwa vitambulisho vya bandia pamoja na mkewe, Birutė Mažeikaitė, ambaye naye alikuwa mpiganaji, huku binti yao aliyezaliwa 1948 akilelewa na wengine. Katika kujificha huko aliandika kumbukumbu zake, zikafichwa kwa watu waaminifu mpaka uhuru uliporudi. Tarehe 12 Oktoba 1956 alikamatwa Kaunas kwa mtego uliopitia rafiki wa zamani wa chuo cha kijeshi, akaletwa Vilnius siku hiyohiyo.

Sasa shuka.

Unaanza na vyumba vya kupokelea wafungwa, vikiwemo vijichumba ambamo mtu hukaa bila kuweza kunyoosha mwili. Kisha ukanda wa seli. Usiingie kila seli kwa mpangilio, utachoka. Zinazohitaji kusimamiwa ni chache. Kuna iliyobanduliwa rangi tabaka kwa tabaka: wafungwa walikwangua maneno, walinzi wakapaka juu yake, na safari ikaanza tena. Kuna seli ya maji, ambamo sakafu hujazwa maji ya baridi na mfungwa hubaki na kipande kidogo cha kusimamia katikati. Akisinzia, anaanguka majini. Kuna iliyofunikwa ukuta kwa magodoro ili kelele zisisikike. Kuna chumba chenye magunia ya nyaraka zilizochanwachanwa siku za mwisho za KGB. Ua wa kutembelea wafungwa uko nje, umegawanywa kwa kuta ndefu, na juu unaona mraba wa anga.

Yaliyompata mwalimu huyu yanajulikana kutokana na maandishi ya daktari wao wenyewe. Alifikishwa hospitali ya gereza siku ileile aliyokamatwa akiwa karibu kufa: jicho la kulia lina matundu ya kitu chembamba chenye ncha, tumbo limevilia damu, sehemu za siri zimenyofolewa. Kumbuka mwaka. Stalin alikuwa amekufa tangu 1953, na Februari ya 1956 hiyohiyo Khrushchev alikuwa amehutubia Moscow dhidi ya maovu yake. Waliompiga hawakuwa na kisingizio cha enzi. Walimtibu ili aweze kushtakiwa, Septemba 1957 akahukumiwa kifo, na 29 Novemba akapigwa risasi. Birutė alipewa miaka minane ya kambi.

Chumba cha kunyongea kiko mwisho, na kwa kweli hakina kitanzi. Watu walipigwa risasi. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa humo tangu 1944 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Unatembea juu ya kioo, na chini ya kioo kuna vitu vilivyofukuliwa pamoja na mabaki ya waliouawa. Mwenye watoto chini ya miaka kumi na miwili awaache nje ya chumba hiki. Mwenye kuogopa nafasi finyu atumie muda wake juu.

Kasoro moja haiwezi kupitwa. Mpaka 2018 mahali hapa paliitwa Makumbusho ya Wahanga wa Mauaji ya Kimbari, huku Wayahudi wa Lithuania, ambao zaidi ya asilimia 90 kati yao waliuawa na Wanazi na washirika wao wa hukohuko, wakiwa karibu hawatajwi. Seli moja kuhusu mauaji hayo iliongezwa 2011. Jina limebadilishwa, lakini seli moja bado ni seli moja, na Gestapo walikaa jengo hili miaka mitatu. Hata Ramanauskas hayuko nje ya mjadala: Juni 1941, Wanazi walipokuwa wakiingia, aliongoza kikosi cha waasi dhidi ya Wasovieti huko Druskininkai, na Kituo cha Simon Wiesenthal, shirika la Kiyahudi linalowafuatilia wahusika wa mauaji ya Wayahudi, kilipinga hadharani heshima aliyopewa kwa sababu ya kipindi hicho. Watetezi wake wanasema hakuna ushahidi wa yeye kumdhuru Myahudi yeyote. Makumbusho yangepaswa kuweka pande zote mbili ukutani. Kwa kuwa hayafanyi hivyo ya kutosha, tenga nusu siku uende Paneriai, kwa treni fupi kutoka Vilnius, ambako makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wayahudi, walipigwa risasi msituni kati ya 1941 na 1944.

Tiketi ya Aukų inakupa nusu ya habari. Nusu nyingine iko nje. Ng'ambo ya mto Neris kuna bustani ya Tuskulėnai, ambako waliouawa kati ya 1944 na 1947 walifukiwa kwa siri. Mabaki ya watu 724 yalifukuliwa huko katikati ya miaka ya 1990. Waliouawa baada ya 1947 walitupwa kwingine, na ndiyo sababu mwili wa Ramanauskas ulikosekana kwa miaka sitini. Ulipatikana 2018 katika makaburi ya Yatima, ukatambuliwa kwa vinasaba, na tarehe 6 Oktoba mwaka huo akazikwa kitaifa katika makaburi ya Antakalnis. Huko ni vilima na misonobari, vaa viatu vya kutembea, na uliza njia ya eneo la mashujaa mapema kwa sababu vibao ni vichache.

Mwenye siku ya pili aende Merkinė, mji mdogo ambapo mto Merkys unaingia Nemunas, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Desemba 1945 wapiganaji, Ramanauskas akiwemo, waliushambulia. Pembeni kuna kilima cha misalaba, mahali maiti za wapiganaji zilipotupwa, na kila msalaba una jina au jina la msituni. Mabasi ya kurudi Vilnius kutoka huko si mengi, hasa Jumapili. Hakikisha la jioni kabla hujashuka la asubuhi.